Kiti Chenye Tundu

Wepukhulu alikuwa fundi wa vitanda, na ukitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani, anzia hapo hapo kwenye vitanda. Karakana yake ilikuwa mabati manne na turubai, kule Laini Saba, Kibera, karibu na reli kiasi kwamba treni likipita misumari ilicheza ndani ya mkebe. Mteja akija, akapapasa mbao na kuuliza kama ni mvule, Wepukhulu alimjibu, "Hapana, ni saipresi. Tena haijakauka vizuri." Mteja akiuliza kitanda kitadumu miaka mingapi, alimwambia, "Mitatu, ukilala peke yako." Mafundi wenzake walishika vichwa. Mteja alivuka reli, akauziwa saipresi ile ile kwa jina la mvule, akaenda zake amefurahi.

Asije mtu akadhani ninasimulia habari za mtakatifu. Wepukhulu alikuwa mbishi, mkaidi, na mtu wa kukusahihisha hesabu ya umri wako mwenyewe. Lakini uongo ulimkwama kooni, na jambo lingine alilokataa kulidanganya ni habari ya Mungu. Aliishi mtaa wa Kongo, Kawangware, katika ploti ya vyumba kumi na viwili na mfereji mmoja wa kuchotea maji. Jumapili asubuhi vyumba kumi na kimoja vilimiminika kwenda makanisa saba tofauti, kila kanisa na sare yake na ngoma yake. Chumba cha kumi na mbili kilibaki na Wepukhulu, naye alikunja suruali akazibua mtaro wa maji machafu, kwa sababu Jumapili ndiyo siku pekee ambayo hakuna anayekumwagia maji mgongoni. Watu walirudi mchana wameokoka, wakakuta mtaro unatiririka. Hakuna aliyeuliza.

Aliacha kuamini bila vita. Miaka kumi nyuma mkewe, Nasambu, alishikwa na uchungu wa kujifungua ukakataa kwisha. Wazee wa kanisa wakamzunguka siku mbili wakiomba, na Wepukhulu mwenyewe akiwa mbele kwa sauti, maana alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya. Siku ya pili akapita Ndeti, mvuta mkokoteni wa makaa. Akachungulia mlangoni akasema, "Nyinyi, huyu mama anaenda mkiangalia hivi hivi." Akamwaga makaa ya watu pale pale njiani, akampakia Nasambu, akavuta mpaka hospitali. Nasambu alifika mweusi kwa vumbi, akazaa binti, Mercyline, wote wawili wazima.

Siku ya kutoa shukrani kanisani, Wepukhulu alisimama akaomba Ndeti naye atajwe. Mchungaji wa wakati ule akasema Ndeti ni mlevi, jina lake haliwezi kupita madhabahuni. Wepukhulu akalifikiria neno hilo hadi mwisho wa ibada, akalifikiria njiani, akalifikiria wiki nzima huku akipiga randa. Jumapili iliyofuata alimpelekea Ndeti jogoo, na kanisani hakurudi tena. Hakumtukana mtu wala kumzuia mtu. Nasambu aliendelea kwenda, na kila Jumamosi Wepukhulu ndiye aliyempigia pasi gauni lake la kwaya.

Basi mwaka wa tisini na tano Nashon akaugua.

Nashon alikuwa fundi wa masanduku ya bati, karakana ya pili kutoka kwa Wepukhulu, na kwa maringo hakuwa na mpinzani Kibera nzima. Katika vumbi lile la reli alivaa shati jeupe na viatu vinavyong'aa, na siku za sikukuu aligonga bati akiwa na tai. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ule ambao mwaka huo watu waliutaja kwa kuinua nyusi tu. Aliishi Kisumu Ndogo. Wenzake walimletea uji mwezi wa kwanza, mwezi wa pili wakasimama mlangoni, mwezi wa tatu wakatuma salamu. Mwezi wa nne mwenye nyumba akaja na nyundo, akang'oa mlango. Wepukhulu alimkuta Nashon amelala katika chumba kisicho na mlango, mbuzi wa jirani wakichungulia, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Omera, ndugu yangu," Nashon alisema, "ingia, usibishe hodi. Mlango uko wazi."

Wepukhulu alirudi Kongo akiwa na hasira ambayo hakuwa na wa kumtolea. Kesho yake alimhamisha, akamweka katika chumba cha kando ya chake, kilichokuwa kimeachwa wazi na mpangaji aliyehama. Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya kutembea kwenda Kibera, alimwogesha, na Nasambu akampikia. Wakati wa kumgeuza au kumwinua, Wepukhulu alishika mabega na Nasambu akashika miguu. Mtu mmoja hakuweza, kwa kuwa Nashon alikuwa na vidonda mgongoni na ukimvuta vibaya alilia.

Tatizo kubwa lilikuwa choo. Choo cha ploti kilikuwa mwisho wa uwanja, shimo la kuchuchumaa, na kukifikia ilibidi upite mbele ya milango yote kumi na miwili. Miguu ya Nashon ilikuwa imegoma. Mtu aliyekuwa akigonga bati na tai shingoni hawezi kubebwa kama gunia kwenda kuchuchumaa mbele ya watu. Alipendelea kutokula. Wepukhulu alipogundua kwamba rafiki yake anajinyima chakula kwa ajili ya aibu, alienda Laini Saba akatengeneza kiti. Miguu minne imara, mikono ya kujishikilia, na katikati ya kikalio tundu la mviringo lililopigwa msasa mpaka likalainika, chini yake nafasi ya ndoo. Mbao zilikuwa mvule, mvule wa kweli, aliokuwa ameuficha miaka sita akingojea mteja wa kustahili.

Nashon alipapasa ukingo wa tundu kwa kidole gumba.

"Hii ni kazi," alisema. "Lakini sikia. Mtu yeyote akijua hii kitu ni ya nini, mimi nakufa leo leo kwa hasira. Apa."

"Mimi siapi. Naahidi."

"Ahidi basi. Na isikae hapa ndani. Wageni wakikuja wataona."

Hakukuwa na wageni, lakini Wepukhulu hakulisema hilo. Aliahidi, Nasambu naye akaahidi. Kiti kikawa kinakaa kwa Wepukhulu, na asubuhi na jioni kilitolewa nje kikapitishwa mlango wa pili kikiwa kimefunikwa pazia kuukuu la Nasambu, jekundu.

Sasa hebu jiweke mahali pa jirani. Mwaka huo habari za waabudu shetani zilikuwa kila mahali: kwa kinyozi, sokoni, foleni ya maji. Ilisemwa kwamba wana vifaa vyao vya siri na kwamba wanakutendea mema kwanza ili wakunase. Na hapo ulipo kuna mtu mmoja asiyesali, anayewatendea watu mema bila kutaka chochote, na kila alfajiri anatoka kwake amebeba kitu chenye umbo la kiti chini ya kitambaa chekundu. Anaingia kwa mgonjwa. Mlango unafungwa. Kunasikika kuguna. Kisha anatoka na ndoo yenye kifuniko, anatembea polepole isimwagike. Hata malaika angeshuku.

Wa kwanza kushuku kwa sauti alikuwa Mildred wa chumba cha nne, mama yake Hope, muuza omena na kiongozi wa akina mama katika kanisa la Pasta Urbanus, ambako Nasambu naye aliimba. Mildred hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushughulika, na ole wa jambo ambalo alikuwa hajaarifiwa. Alimbana Nasambu pale mferejini.

"Mama Mercyline, ile kitu mzee wako hubeba ni nini?"

"Ni kiti," alisema Nasambu, ambaye hakujua kudanganya na hakuruhusiwa kusema kweli.

"Kiti ya nini?"

"Ya kukalia."

"Na kwa ndoo kuna nini?"

Nasambu aliinua mtungi ambao haukuwa umejaa, akakimbia.

Alhamisi Mildred alikwenda kuazima chungio. Hakukuta mtu, mlango haukuwa umefungwa, na pazia jekundu lilikuwa pale pembeni likimwita. Alilifunua. Ukelele wake ulisikika mpaka barabarani.

"Kina shimo!" aliwaambia waliokuja mbio. "Kiti kizuri hivyo, kimepigwa vanishi, halafu katikati shimo! Nafsi ya mtu si inapitia hapo?"

Kufikia jioni habari zilikuwa zimemfikia Gichuru, mwangalizi wa ploti. Gichuru alikuwa mtu wa maneno machache, na yote ni ya kuwahamisha watu. Alisema Jumapili baada ya kanisa kutakuwa na mkutano, Pasta atakagua, na ikithibitika ni mambo ya shetani, Wepukhulu atatoka siku hiyo hiyo na kiti chake na mgonjwa wake.

Hapo Wepukhulu aliogopa. Yeye na Nasambu wangepata chumba pengine. Lakini ni ploti gani Kawangware nzima ingemkubali Nashon? Angemlaza wapi, chini ya turubai Laini Saba, treni likipita? Jumamosi aliketi ukingoni mwa kitanda cha rafiki yake.

"Nashon, wanataka kutufukuza."

"Nimesikia. Kuta ni za mabati."

"Ukiniruhusu niseme, nitasema. Usiponiruhusu, sisemi."

Nashon alifunga kifungo cha juu cha shati. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilimzunguka bila kumgusa. "Walikuwa wananiita Bwana Sanduku," alisema. "Wasichana walikuwa wanatembea kutoka Makina kuja kuona viatu yangu. Sasa waambiwe niko juu ya ndoo?" Akageukia ukuta. "Ungetengeneza kiti bila tundu."

Wepukhulu alikasirika, tena sana. Alienda nje akapiga teke debe lililokuwa tupu, akalirudisha mahali pake, akaenda kulala. Ahadi haikuwa yake kuivunja.

Jumapili asubuhi Nasambu hakwenda kanisani. Alikwenda Dagoretti kumsihi mwenye ploti, na kabla ya kuondoka akampa Nashon maharagwe na uji mwingi, maana hakujua kama jioni kungekuwa na jiko. Kumbuka uji huo.

Saa nane mchana ploti yote ilikuwa uwanjani. Kiti kilikuwa kimewekwa katikati, wazi, vanishi iking'aa. Watoto walifukuzwa wakarudi. Pasta Urbanus alisimama mbele ya kiti akiwa na Biblia mkono mmoja na chupa ya mafuta mkono wa pili, mafuta ya kupikia ya kawaida lakini yaliyoombewa. Alikuwa kijana, koti lilimzidi mabega, na kwa kweli aliogopa kile kiti kuliko mtu yeyote pale.

"Baba Mercyline," alianza, "hii kiti ni ya nini?"

"Ya kukalia, Pasta."

"Nani huikalia?"

"Anayeihitaji."

"Na hiyo shimo ni ya nini?"

"Siwezi kusema. Niliahidi mtu."

Watu waliguna. Pasta alirudi nyuma hatua moja. "Uliahidi nani?"

"Hiyo pia siwezi kusema."

"Mnasikia?" Mildred aliwageukia wenzake. "Ako na agano!"

"Mama Hope, agano ni la kanisani. Mimi niliahidi tu," alisema Wepukhulu, ambaye hata siku ya kufukuzwa hakuweza kuacha kosa lipite.

"Basi mkane shetani hapa mbele ya watu wote," Pasta alimwambia, "tumalizane."

"Simjui, Pasta. Nikimkana itakuwa kama namjua."

Jibu hilo lilikuwa la kweli na halikumsaidia hata kidogo. Gichuru alisema, "Imetosha. Jioni chumba kiwe wazi." Wepukhulu aliangalia mlango wa Nashon. Alifikiria vile vidonda vya mgongoni na mkokoteni ukiruka mashimo ya barabarani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi alitamani angekuwa na mtu wa kumwomba.

Pasta alimimina mafuta juu ya kiti, akatua chupa chini, akabana Biblia kwapani, akaweka mkono wake pale pale kwenye ukingo wa tundu, akafumba macho, akaanza kukemea. Akina mama wakaitikia. Alikemea kwa Kiswahili, akakemea kwa Kikamba, sauti ikipanda, jasho likimtiririka.

Ndipo sauti ikatoka chumbani kwa Nashon.

"Wepukhulu! Lete kiti!"

Akina mama wakaacha kuitikia. Mildred alishika kifua. "Mnasikia? Anaita!"

Pasta hakufumbua macho. Alikemea kwa nguvu zaidi na kukishika kiti kwa mikono yote miwili.

"Wepukhulu, haraka!"

"Pasta, niachie kiti," Wepukhulu alisema, akikivuta kwa mguu mmoja.

"Hutoki nacho! Katika jina la..."

"Pasta!" Nashon alilia, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo, ile sauti ya kuita wateja juu ya kelele za nyundo. "Toa mkono kwa choo yangu! Niko na haraka!"

Pasta Urbanus alifumbua macho. Akalitazama tundu. Akautazama mkono wake. Akauondoa polepole, akaushikilia mbali na koti kama mkono wa mtu mwingine.

Hakuna aliyecheka mara moja. Mtoto mmoja alianza, mama yake akamziba mdomo. Watu walianza kuunganisha mambo kimoyomoyo, ile ndoo, lile pazia, ile alfajiri, na ungeweza kuona aibu ikipita usoni mwa mmoja hadi mwingine. Wepukhulu hakungoja wamalize. Alikimbiza kiti ndani, akakiweka kando ya kitanda, akarudi mlangoni.

"Mke wangu hayuko," alisema. "Nataka mtu mmoja wa kushika miguu."

Walitazama viatu vyao. Gichuru aligundua kwamba kofia yake ilikuwa na vumbi. Pasta alitazama chupa. Wote walikuwa wamesikia mengi kuhusu kumgusa mtu wa namna ile, na mengi yalikuwa uongo, lakini hofu haiulizi.

"Mtachumbiana baadaye!" Nashon aliita. "Mtu mmoja tu!"

Mildred alimpa Pasta Biblia yake aishike. Alipandisha mikono ya blauzi, akaingia.

"Shika hapa, chini ya magoti," Wepukhulu alimwonyesha. "Nikisema tatu."

Mildred alijikaza kama mtu anayeinua gunia la omena. Wakainua, na akakaribia kuanguka nyuma kwa jinsi alivyotumia nguvu nyingi.

"Mbona hana uzito?" alinong'ona. "Baba Mercyline, mbona hana uzito hata kidogo?"

"Mama Hope, mimi nasikia," alisema Nashon. "Zamani ungeita watu wanne."

Walimweka kitini. Mildred hakujua aangalie wapi. Alibaki ameinama, amemshika mguu, machozi yakimdondoka juu ya viatu vya Nashon, maana alikuwa amevaa viatu kitandani kwa ajili ya mkutano. Halafu kwa kukosa la kufanya akaanza kuimba pambio, kwa sauti ndogo.

"Imba kwa nguvu," Nashon alimwambia, akiwa amefumba macho. "Wasinisikie huko nje."

Akaimba kwa nguvu. Nje Pasta Urbanus aliuelewa ule wimbo haraka kuliko alivyowahi kuelewa jambo lolote la Maandiko, akaupokea, akawapungia wengine mkono, na ploti nzima ikaimba, vyumba kumi, makanisa saba, wakipiga makofi na kugonga mabati ili Nashon amalize haja yake kwa heshima. Wepukhulu alikuwa amemshika mabega. Hakuamini neno hata moja la wimbo ule, na Mildred alikuwa anapotewa na sauti. Besi ilikuwa inakosekana. Akaiweka.

Gichuru hakutaja tena habari ya kuhama, na Nasambu aliporudi kutoka Dagoretti, ambako mwenye ploti hakumfungulia hata lango, alikuta watu wawili wasiomsalimia kwa kawaida wakimfulia shuka za Nashon. Jumapili iliyofuata Pasta alitoa ushuhuda kwamba kiti kile kilikuwa kimekombolewa. Wepukhulu alipoambiwa, alifungua mdomo asahihishe, akaufunga. Nasambu alisema hilo ndilo jambo lililomshangaza kuliko yote.

Lakini kabla ya hayo, Jumatatu ile ya kwanza, alfajiri, mlango wa Wepukhulu uligongwa. Alikuwa Mildred, mikono ya blauzi imeshakunjwa, leso imefungwa kiunoni.

"Mama Mercyline apumzike. Nimekuja kushika miguu," alisema. Alisitasita. "Lakini kuna kitu nataka kukuuliza. Mimi hapa nimetumwa na Mungu, najua. Wewe, kama si Mungu, ni nani anakutuma?"

Wepukhulu alilifikiria swali hilo kwa dhati, kama alivyofikiria maswali yote, huku akikinyanyua kiti bila pazia. Kabla hajapata jibu ukuta wa mabati ukagongwa kutoka upande wa pili, mara tatu, kwa hasira.

"Huyo," alisema Wepukhulu. "Na hapendi kungoja."

"Basi mimi nitakuwa naomba tukimwinua."

"Omba tu, Mama Hope. Bora usiachilie miguu."